Fundi Odongo Alipokea Simu

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, nikiwa na akili zangu zote, na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu zaidi ya chai. Naanza hivyo kwa sababu nawajua watu. Ukisema umezungumza na marehemu, wa kwanza atakuuliza ulikunywa nini, na wa pili atakuuliza unasali kanisa gani. Uliza tu, mimi nimeshazoea. Ila ukimaliza kunicheka, kaa unisikilize mpaka mwisho, maana hata wewe una simu, na ndani ya simu yako kuna namba ambazo ulipaswa kuzifuta na hujazifuta.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga, nimeolewa huku Muhuru Bay kwa Wajaluo. Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, kwa hiyo na wateja wangu tunaelewana kwa Kiswahili. Nina duka juu kidogo ya ufuo, pale akina mama wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Napiga chapa, natoa nakala, nasaidia watu kujaza maombi yao kwenye mtandao. Lakini kusema ukweli, kinacholilisha duka hili ni mazishi. Huku mtu hazikwi bila programu, kile kijitabu chenye picha yake juu, maisha yake ndani, majina ya ndugu mpaka wakwe, na mpangilio wa siku. Nimeona familia ikigombana zaidi kuhusu picha ya jalada kuliko inavyogombana kuhusu jeneza. Marehemu lazima atoke amependeza.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, niliinunua Migori mjini ikiwa imeshatumiwa na watu wengine, na ilikuwa na kiburi cha mke mwenza. Leo haiwaki, kesho imewaka lakini kibodi haitaki kuandika, keshokutwa printa inadai haina karatasi na karatasi zimejaa mpaka juu. Sasa huku kwetu, mashine ikigoma unakimbilia wapi? Migori ni safari, na ukifika huko wanakuambia uache mzigo urudi wiki ijayo. Kwa hiyo sisi sote, shule, zahanati, makanisa, hata ofisi ya wavuvi, tulikuwa tunamtegemea mtu mmoja. Huyo ni Fundi Odongo.

Alikuwa kijana mwembamba kutoka bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Katika mfuko wa shati ambamo wengine huweka kalamu, yeye aliweka bisibisi. Mara nyingi hata hakuja. Ulimpigia simu, akakuuliza kwa upole kama umezima kwa ukuta, kama waya wa nyuma umekaa vizuri, kama kuna taa inawaka. Akakuongoza hatua kwa hatua kama mtu anayemvusha bibi barabara. Mashine ikiwaka alicheka kidogo, akakata simu. Nenda duka lolote Muhuru uombe kuona simu ya mwenyewe, utamkuta humo kwa jina moja tu, Fundi. Kwangu alikuwa juu kabisa. Kidole kilimjua bila macho.

Basi Odongo akafa. Alipanda mashua kwenda ng'ambo ya ghuba kurekebisha printa za shule moja, upepo ukageuka, mashua ikapinduka. Wengine walishika mitungi ya mafuta wakaokolewa. Yeye alikuwa mtu wa bondeni, hakujua kuogelea. Wavuvi walimtafuta, wakapitisha nyavu, wakazunguka mpaka mpakani na Tanzania, wakarudi mikono mitupu. Ziwa lilikataa kumtoa.

Mama yake alikuja kutoka Lambwe pamoja na shemeji yake, yaani baba mdogo wa Odongo. Mama huyo alishuka moja kwa moja mpaka majini, akaketi juu ya jiwe, na hapo ndipo alipokuwa akishinda. Ukimletea uji alisema asante, akauweka kando. Baba mdogo alikuwa mtu wa aina nyingine. Yeye alihesabu mambo. Waombolezaji wameshajaa nyumbani, kanisa limeshapewa siku, ng'ombe ameshafungwa. Akasema imetosha, litumike yago.

Nilipoolewa huku sikuijua desturi hiyo, kwa hiyo nitakueleza na wewe. Yago ni mti wenye matunda marefu, manene, mazito, yananing'inia kama soseji. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, wazee huchuma tunda hilo, hulivika nguo za marehemu, na kulizika mahali pake. Ukishafanya hivyo unaambiwa amezikwa, atulie. Wanaofiwa wengi hukubali, maana kuna njia gani nyingine? Lakini mama Odongo alikataa. Alikataa mbele ya watu wote pale ufuoni, na mimi nilikuwepo.

"Mimi nilizaa mtu," alisema. "Tunda siziki."

Baba mdogo alimpa mgongo. Alikuja dukani kwangu akaniambia nitayarishe programu, ataichukua Ijumaa kabla ya giza, wasafiri na tunda lao, Jumamosi wazike. Picha nilikuwa nayo mimi peke yangu. Odongo mwenyewe aliipiga siku alipokuwa akijaribu kamera ya kompyuta yangu, amekaa kwenye kiti cha wateja, anacheka, bisibisi mfukoni. Kitambulisho chake kilizama naye, simu yake ilizama naye. Nyumbani Lambwe walikuwa na picha yake moja ya shule ya msingi, sura imeliwa na unyevu. Kwa hiyo uso wa kijana yule, kama ungeonekana tena duniani, ulikuwa ndani ya ile mashine yangu yenye kiburi.

Ijumaa hiyo mchana anga lilikuwa limeiva juu ya ziwa. Upepo ulianza kupeperusha mabati ya jirani, akina mama wakakusanya omena zao mbio, nami nikafunga mlango wa duka ili karatasi zisiruke. Nilikuwa nimebakiza ukurasa wa mwisho. Stima ikapepesa, ikakatika, ikarudi. Mashine ikazima. Nikaiwasha. Ikalia kwa uchungu, pi, pi, pi, na skrini ikabaki nyeusi. Nikaizima, nikaiwasha tena. Pi, pi, pi. Giza.

Nilikuwa sijahifadhi kazi mahali pengine popote. Programu yote, picha, kila kitu, kilikuwa humo ndani. Baba mdogo alikuwa njiani, gari la kwenda Lambwe lilikuwa limewasha injini, na kule majini kulikuwa na mama ambaye ameshanyimwa mwili wa mwanawe, na sasa mimi ndiye nitakayemnyima hata sura yake.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Niamini, sikufikiri. Mashine ikigoma, mkono wangu ulikuwa na njia yake, na ulifuata njia hiyo. Nilichukua simu, nikabonyeza, nikaiweka sikioni, huku macho yangu yako kwa ile skrini nyeusi.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Madam," akasema. "Mashine imegoma tena?"

Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kulalamika. Nilimwaga maneno kama ninavyomwaga kila siku. Nikamwambia stima imeruka, mashine inalia pi pi pi, skrini haionyeshi kitu, na nina kazi ya watu ambayo lazima itoke sasa hivi. Nikamgombeza hata, nikamwambia nilimwambia mwezi uliopita kwamba kitu hiki kitanifia mikononi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Nyuma yake kulikuwa na kimya kizito, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Akaniuliza ni kazi gani iko ndani. Nikamjibu ni programu ya mazishi.

"Pole. Ya nani?"

Nilifungua mdomo nimtajie jina. Jina likafika kwenye ulimi, likakwama hapo.

Sijui kama umewahi kujua jambo kwa mgongo kabla hujalijua kwa kichwa. Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama. Fundi. Dakika zilikuwa zinahesabika. Nilitaka kuitupa, lakini vidole vilikuwa vimeishika kwa nguvu zaidi kuliko nilivyoamuru. Na huku chini, ndani ya kiganja changu, sauti ilikuwa inaniita taratibu. Madam, uko? Network ni mbaya huku. Madam.

Ungefanya nini? Usinijibu haraka. Wewe umekaa hapo umetulia, hujafungiwa na upepo dukani peke yako. Mimi niliirudisha simu sikioni, maana niliogopa zaidi kukata. Nilidhani nikikata atakuja.

Akaniambia nizime kwa ukuta. Nikazima. Akaniambia nichomoe waya wa nyuma, kisha nibonyeze kitufe cha kuwashia na nikishikilie, stima iliyobaki ndani iishe. Nikafanya. Akaniambia nifungue kava ya pembeni, nitaona kijibao kirefu cha kijani kimesimama, hiyo ndiyo memori, nikitoe polepole kwa kusukuma vishikio vyake viwili. Kava ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni. Alisikia ule mlio, akaniambia nisiwe na haraka, haijavunjika.

"Uko na raba? Ile ya kufuta penseli. Sugua hapo kwa meno yake ya rangi ya dhahabu. Ikishang'aa, rudisha, finya mpaka usikie tak."

Nilisugua nikilia. Machozi yalikuwa yananidondoka bila sauti, nami najitahidi yasianguke kwenye mashine. Nikarudisha kile kijibao, nikafinya. Tak. Nikaunganisha waya, nikawasha. Safari hii haikulia. Skrini ikafifia, ikang'aa, ikaniuliza mambo ya tarehe na saa, na yeye, kabla sijasoma, akaniambia nibonyeze tu iendelee, ni betri yake ndogo imechoka. Kisha ikaniuliza kama nataka kuokoa kazi iliyokuwa wazi. Nikakubali. Na uso wake ukatokea mbele yangu, mkubwa, umejaa skrini nzima, anacheka, bisibisi mfukoni.

Akaniuliza kama imewaka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza naona nini.

Sikuweza kusema uongo, na sikuweza kusema ukweli. Nilimwambia naona picha yake. Akacheka kile kicheko chake kidogo, akasema kumbe bado ninayo, ile ya siku ya kujaribu kamera. Hakuuliza picha yake inafanya nini kwenye kazi ya mazishi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mpaka leo hunitoa jasho. Odongo hakuwa anajua. Alidhani yuko kazini.

"Hiyo memori itakusumbua tena," akasema. "Wacha nikuje niiangalie. Niko tu hapa karibu."

Nikamwambia asije. Nilisema kwa sauti ambayo sikuitambua. Nikasema mvua inakuja, nimeshafunga, mashine imepona, asisumbuke. Akasema si shida. Nami nikawa natafuta mlango wa nyuma kwa macho, na duka langu halina mlango wa nyuma.

Halafu nikamkumbuka yule mama kwenye jiwe. Nakuambia ukweli, sikupata ujasiri, nilipata aibu. Mimi nimekaa hapa namkimbia mtu ambaye mama yake angetoa macho yake yote mawili asikie sauti yake mara moja. Na kitu pekee alichokuwa anataka mama huyo, kumzika mtu aliyemzaa, jibu lake lilikuwa sikioni mwangu. Nikashika meza kwa mkono mmoja.

"Fundi," nikamuuliza, "uko wapi?"

Nilisikia kama kitu kinapumua, lakini haikuwa pumzi, ilikuwa maji yanayokwenda na kurudi. Akasema ngoja. Akasema pale wanaponywesha ng'ombe, ukipita yale mawe. Kuna mti mkubwa umeanguka, umemlalia yeye. Kuna wavu wa zamani, kamba imeshika mguu, amejaribu kuitoa lakini imekaza. Alisema hayo kama mtu anayeeleza waya uliojifunga nyuma ya meza. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nimechoka, Madam. Ukiona mama mwambie asiniwekee chakula. Kinapoa bure."

Simu ikakata.

Mvua ikaanguka papo hapo. Nikabaki nimesimama mbele ya uso ule unaocheka, na kabla sijajua la kufanya, mlango ukagongwa. Kugonga kwake tulikujua wote, mara mbili, polepole, kama anayeomba msamaha. Harufu ya ziwa ikaingia kwa chini ya mlango, ile harufu ya chini kabisa, ya matope na magugu. Nikasema moyoni kwamba ni mvua. Nikajiambia ni mtoto wa jirani, ni upepo. Mlango ukagongwa tena, mara mbili.

Sikufungua. Sitakuambia nilifungua ili nionekane shujaa. Nilisogea mpaka nikaweka kiganja changu kwenye mbao za mlango, na zilikuwa baridi kama chupa ya soda. Nikamwambia mashine imepona, ahsante. Nikamwambia mama yake yuko ufuoni, anamngoja, aende kwa mama. Nililirudia hilo la mama mara nyingi, sijui ngapi, kama mtu anayesali. Nilipoacha kusema, hakukuwa na mtu anayegonga. Nilichapa programu. Ndiyo, usishangae, nilichapa. Mikono yangu ilihitaji kufanya kitu. Kisha nikafungua mlango. Mvua ilikuwa imelowesha kila mahali, hata kama kulikuwa na alama za miguu singeziona.

Nilikimbia ufuoni. Mama Odongo alikuwa pale pale, watu wamemfunika karatasi ya nailoni, na baba mdogo amesimama na wavuvi chini ya kibanda. Sasa fikiria kazi niliyokuwa nayo. Huku, mtu anayejua mwili uliko kabla haujaonekana, swali la kwanza ni amejuaje. Na mimi ni mtu wa kuja, Mkuria, mwanamke mwenye duka linalokula kwa vifo vya watu. Nilijua watakavyonitazama. Nikasema hivyo hivyo.

Walinitazama kama nilivyotarajia. Nikawaonyesha simu, jina la Fundi, muda tuliozungumza. Mvuvi mmoja alirudi nyuma. Baba mdogo alikasirika mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akasema ninacheza na msiba wao, kwamba nimeharibu kazi niliyopewa na sasa natafuta kisingizio. Nikampa programu zake mkononi, kavu, zimekamilika. Hakunyamaza. Akasema gari linaondoka, tunda limeshavikwa shati, na mimi niende nikaombewe.

Mama aliinuka kwenye jiwe. Alikuja akaichukua simu yangu, akaibonyeza mwenyewe mahali palipoandikwa Fundi, akaiweka sikioni. Sote tulimsikia yule mwanamke wa kwenye mtandao akisema mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Akapiga tena. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya simu ile. Mwishowe aliishusha, akaniuliza kwa Kiswahili cha shida, Odongo alisema nini. Si alikuwa wapi, hapana. Aliuliza alisema nini.

Nikamwambia amesema usimwekee chakula. Kinapoa bure.

Nilidhani ni maneno tu ya mtoto kwa mama yake. Lakini mama yule alishika mkono wangu kwa nguvu, akakaa chini matopeni, akatoa sauti ambayo sijaisikia tena popote. Baadaye nilielezwa. Tangu habari za ajali zifike Lambwe, na kila siku mpaka alipopanda gari kuja huku, mama alikuwa akimpakulia Odongo chakula cha jioni, kuon, yaani ugali, na mboga, anakifunika na bakuli, anakiweka ndani ya simba yake, ile nyumba ya kijana mwenyewe, na kufunga mlango. Alifanya hivyo kwa siri, watu wasimwone ana wazimu. Shemeji yake hakujua. Mimi ningejulia wapi?

Wavuvi hawakungoja amri. Walisukuma mashua ndani ya mvua ile, wakaenda mpaka kwenye yale mawe ng'ombe wanapokunywa, kwenye mti ulioanguka majini. Walimpata kabla ya giza. Kamba ya wavu wa zamani ilikuwa imemzunguka mguu. Mvuvi aliyeikata aliniambia ilikuwa imekaza kweli, na baada ya hapo hakutaka kuongea nami tena, mpaka leo akiniona anabadilisha upande wa barabara.

Tunda lile wazee walijua la kulifanyia, sikuuliza. Odongo alizikwa Lambwe, kwenye boma la baba yake, na mama yake alikataa kumwachia mtu yeyote kazi ya kumwosha. Niliona programu yangu mikononi mwa watu wote, ule uso unaocheka, watu wanaukunja na kuutia kwenye mikoba yao. Baba mdogo alinishika mkono bila kunitazama. Nilidhani yameishia hapo.

Hayakuishia. Miezi kadhaa baadaye karani wa shule moja upande wa Homa Bay, aliyekuja Muhuru kwa shughuli zake, aliingia dukani kuchapisha vyeti, akaniambia nimsalimie fundi wangu. Printa yao ilikuwa imegoma wakati wa mitihani, wakapiga namba waliyoikuta imeandikwa ukutani, na kijana mmoja mpole, aliyesema yeye ni fundi wa Muhuru, akawaongoza mpaka ikatoa karatasi. Akasema ila network yake ni mbaya sana. Nilimhudumia yule karani nikamaliza, nikafunga duka, nikaenda kulala mchana.

Nilimpelekea mama Odongo habari hiyo huko Lambwe, maana niliona si haki kukaa nayo. Tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba yake, anachambua mahindi. Nikamwambia nataka kuifuta ile namba, roho yangu haitulii. Aliacha kuchambua.

"Usifute, nyara," akasema. Huko kwao nyara ni binti yangu. "Hajui. Hakuna mtu amemwambia. Akipiga, mwambie nilimtoa majini, nikamwosha na mikono yangu, nikamzika. Mwambie apumzike kazi."

Kwa hiyo namba ipo mpaka leo. Lakini wewe usiige. Ukishamzika mtu, mfute kwenye simu siku hiyo hiyo, hasa kama ni mtu uliyezoea kumkimbilia ukikwama. Kazi yako ihifadhi mahali pawili, na uwe na mafundi wawili, tena kabla hujawaeleza shida yako, waulize wako wapi na usubiri jibu. Siku mashine yako itakapozima, mkono wako hautakuuliza nani yuko hai na nani hayuko.

Mimi nimenunua kompyuta nyingine. Nayo mvua ikinyesha huwa inagoma, na ikigoma tu, kabla sijagusa kitu, simu inaanza kuita juu ya meza. Fundi. Huwa naifunika na karai, natoka kusimama nje kwenye mvua mpaka inyamaze. Mama Odongo ameshazeeka sasa, macho yanamsumbua, na kila nikienda Lambwe huniuliza kama nimemfikishia mwanawe yale maneno. Namwambia bado hajapiga.